Wayo wa Kizuka

Hapa Maskati jua ndilo mshitakiwa wa kila kesi. Kichwa kikiuma, jua. Mtoto akitoka damu puani, jua. Gari ikigoma kuwaka saa nane za mchana, jua. Mimi mwenyewe nilipoanza kuota mabaka meusi mashavuni sikumsingizia hasidi wala sabuni. Nilijua ni jua la njia ya Amerat, njia ninayoipita kila siku ya kazi kuja ofisini Khuwair na kurudi nyumbani, kupanda mlima na kuushuka, na shavu la upande wa dirisha likiliwa zaidi kuliko mwenzake. Nikaomba miadi kwa daktari wa ngozi. Nikapewa siku ya mbali kabisa, nikaisahau.

Siku yenyewe ilipowadia, baba alikuwa ameshazikwa na nyumba yetu bado ilinuka kahawa ya matanga. Baba alikaa kitandani karibu miaka mitatu baada ya kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulikufa, na ulimi ukawa mzito. Sisi watoto tulikuwa tukija na kuondoka, kila mmoja na kazi zake, lakini aliyemuuguza ni mama. Alimlisha, alimwosha, alimgeuza huku na huku asifanye vidonda vya mgongo. Kaka yangu alipotaka kuleta muuguzi wa kulipwa, mama alimwuliza kama muuguzi huyo anajua baba anataka chai yake iwe na iliki ngapi. Muuguzi hakuja. Mama akishaamua jambo huwa hatumbishii, na mimi, niliyezaliwa na mdomo, hubisha kisha nikashindwa.

Baba alipofariki, mama akaingia eda. Sisi tuliotoka Unguja mjane wa namna hiyo tunamwita kizuka. Kizuka hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Huvaa nguo nyeupe, hatii wanja, hatii hina, hajifukizi udi, hatoki ila kwa dharura, na wanaume wasio maharimu zake hawamwoni. Wengine wana masharti yao zaidi ya hayo, wameyatoa kwa bibi zao wala si kitabuni. Mlinzi wa masharti yote, ya kitabuni na ya bibi, alikuwa shangazi, dada yake mkubwa baba. Alihamia kwetu na mkoba mmoja na tasbihi, akakifunika kwa kanga kioo cha kabati la mama, akatandika godoro lake chini, kando ya kitanda cha wifi yake na kutangaza kwamba hatoki mpaka atoke kizuka. Hata fundi wa kiyoyozi alipokuja, shangazi alimtaka afanye kazi bila ya kukohoa.

Kwa hiyo nilipokumbushwa kwa simu kwamba kesho ndiyo miadi yangu, nilitaka kuifuta. Baba kaburini, mama edani, mimi niende kushughulikia shavu? Mama ndiye aliyenifukuza. "Nenda," alisema. "Uso wako ndio unaotazamwa na watu ofisini, mie nnautazama kwa kuvumilia tu." Nikaenda, huku nikiona haya njia nzima.

Daktari alikuwa Msudani, mtu mzima, mrefu, wa maneno machache na yenye mapumziko marefu katikati. Aliuinamia uso wangu na kioo chake kidogo cha kukuzia, chenye taa, akaniambia yale niliyoyajua: jua, tena jua, nipake krimu ya kulizuia hata nikiwa ndani ya gari, nisitumie vitu vya kung'arishia ngozi. Nilikuwa naanza kujifunga mtandio aliponiambia nioneshe viganja. Kisha kucha. Kisha nivue viatu.

Nikacheka. "Daktari, mimi nimekuja na uso."

"Uso wako utakuudhi, hautakuua," alisema kwa Kiarabu chake cha Khartoum. "Watu wa rangi yetu, lile baya hujificha pasipofika jua. Kiganjani, chini ya kucha, chini ya wayo. Kila anayekaa kwenye kiti hiki mimi namtazama nyayo, hata akija na nywele."

Nyayo zangu hazikuwa na kitu. Nikatoka na karatasi ya dawa yangu, nikiwaza kwamba madaktari nao, kama mafundi cherehani, hawakosi kasoro ya kukutafutia.

Mama alipenda hina. Si hina ya maua, hiyo aliwaachia maharusi. Alipenda ile ya kubandika, anayoikanda mwenyewe kwa maji ya ndimu na kuifunga nyayoni mpaka visigino vinakuwa vyeusi kwa wekundu. Alisema inaponya magaga na inatoa joto la miguu. Miaka hii ya mwisho, na baba kitandani, hakuwa na muda wa kujipamba kwa kitu chochote, lakini hina haikumkauka. Nilikuwa nikimtania kwamba tuna bibi harusi wa zaidi ya miaka sabini ndani ya nyumba. Naye hunijibu kwamba bwana harusi wake yupo, kalala tu.

Edani hina ikaanza kupauka. Vidole kwanza, kisha kati ya unyayo, kisigino mwisho kwa sababu ngozi yake ni nene. Mchana mmoja nilikuwa nimekaa miguuni kwake nikimkanda kwa mafuta ya nazi, maana miguu yake ilikuwa inavimba kwa kukaa. Ukaja mguu wa kushoto, akaurudisha chini ya shuka. Nikauvuta. Akaurudisha tena.

"Huo usiuguse, una mwiba," alisema.

Mwiba wa wapi, mtu hajatoka nje? Nikauvuta kwa nguvu kama ninavyofanya mambo yangu mengi, nikauelekeza dirishani. Kando ya kisigino, hapo hina ilipopauka ikawa rangi ya chungwa bovu, palikuwa na doa jeusi. Lilikuwa na ukubwa wa tende iliyokanyagwa, halikuwa duara, ukingo wake umechimbachimba, na sehemu moja ilikuwa imeinuka na kulowa majimaji. Nilijifuta mafuta mikononi kwa nguo yangu mwenyewe. Maneno ya yule Msudani yakanirudia yote, na mapumziko yake.

"Mama, hiki nini?"

"Baka. Niliungua."

"Uliungua chini ya mguu?"

"Kwani moto una miadi?" akajibu, akaufunika mguu wake.

Kaka yangu ni mtu wa taratibu. Nilipompigia kumwambia, hakuuliza ni doa la namna gani, aliuliza kama kizuka anaruhusiwa kwenda kwa daktari mwanamume. Nilitaka kumrukia kupitia simu. Lakini sikumlaumu sana, maana hata mimi nilidhani kikwazo kitakuwa hicho. Tukakubaliana amwulize shekhe wa msikiti wao. Shekhe hakuhitaji hata kufungua kitabu. Alisema matibabu ni dharura, na dharura ina hukumu yake. Daktari mwanamke akipatikana ni bora, asipopatikana aende kwa yeyote, avae nguo za kumsitiri, aende na mtu wake, amalize haja arudi. Na kama hali ni hiyo mliyoieleza, alisema, mnanipigia mimi simu ya nini?

Tulikwenda kwa mama na fatwa yetu tukidhani kesi imekwisha. Kaka akaieleza vizuri, neno kwa neno. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, mtandio mweupe umemzunguka uso.

"Nimesikia," alisema. "Mwambieni shekhe Mungu amlipe kheri. Siendi."

Nikasema tutatafuta daktari mwanamke. Nikamtafuta, nikampata, miadi yake ilikuwa mbali baada ya eda. Mama akafurahi. "Basi si ndiyo kheri? Nkitoka eda n'takwenda, nimeshakoga, nimeshavaa nguo za watu." Nikamwambia doa halijui eda. Nikamwambia mficha maradhi kilio humuumbua. Nikamwambia mengi, mengine kwa sauti ambayo mtu haongei nayo na mama yake, sembuse mama aliye edani. Siku zile nilikuwa nikiendesha gari kuupanda mlima ule huku nikiongea peke yangu na kupiga usukani. Niliogopa, na mimi nikiogopa hugomba.

Nilichokuwa nikikiogopa kilikuwa wazi kabisa. Nilikuwa nimemzika baba, na sasa nilikuwa nikimwona mama amekaa juu ya kitanda akingoja, kwa heshima zote, kitu kinachomla kwa chini kimalize kazi yake. Kila siku iliyopita ilikuwa siku ya lile doa.

Ikawa mchana mmoja, baada ya chakula, wakati mji mzima umejifungia ndani na hata paka hawapo barabarani. Shangazi alikuwa amelala kwenye godoro lake, uso kaugeuzia ukutani, tasbihi mkononi. Nilikaa kitandani kwa mama. Sikugomba, nadhani nilikuwa nimechoka. Nilimwuliza tu, kwa upole ambao si desturi yangu, aniambie kweli: anaogopa kukatwa?

"Sio kukatwa," alisema.

"Unaogopa daktari atakuona?"

"Mguu? Nishauonesha mguu kwa wauza viatu wangapi." Akaanza kukunja pindo la mtandio wake kama mtoto. Halafu akasema, polepole, "Mwanangu, mie nnaona haya. Kaburi la baba yako halijakauka. Watu wanakuja kunipa pole, wananikuta nimekaa kama inavopasa. Kesho waseme mke wa fulani hakumaliza hata eda, kashaingia gari anakimbilia roho yake. Mtu aliyefiwa na mume kama yule, roho anaitakia nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa sheria, nina fatwa mfukoni. Kwa haya sikuwa na dawa. Kwetu mjane mwema ni yule anayehuzunika mpaka akasahaulika mwenyewe, na mama alikuwa ameifanya kazi hiyo kama alivyozifanya kazi zake zote, bila ya kulipua. Nikamshika mkono na nikalia, nilichoweza ndicho hicho.

Godoro likalia kwa chini. Shangazi alikuwa amekaa kitako. Alikuwa hajalala.

"Wifi," alisema.

Mama akashituka, akaivuta shuka.

"Wifi, ndugu yangu nimemzika. Nilisimama mlangoni hapa nikamwona anatoka kwa jeneza. Nani kakwambia nnataka kukuzika na wewe?"

"Shangazi yake, watu—"

"Watu gani? Watu mie. Maiti yule wa tumbo moja na mie. Kama kuna wa kusema, msemaji ni mie, na mie ndo n'naekwambia: vaa. Na wewe," akanigeukia mimi, "unalia nini hapo? Piga simu kwa huyo Msudani wako."

Yule yule aliyemkataza fundi kukohoa. Ruhusa ya shekhe tulikuwa nayo tangu mwanzo. Nilikuja kufahamu baadaye kwamba mama alikuwa akingoja ruhusa ya wenye maiti, na asingeiomba hata angekatika mguu. Angekufa kwa adabu.

Tulikwenda siku iliyofuata. Nilipiga simu zahanati nikaeleza, na daktari mwenyewe alichukua simu, akasema mleteni asubuhi kabla sijaanza na wengine. Mama alivaa buibui juu ya weupe wake, akafunika uso, akavaa soksi na glavu. Shangazi alimkagua kama mkaguzi wa serikali, akamwingiza kiti cha nyuma, akakaa ubavuni kwake. Kaka alitangulia na gari yake. Ilikuwa mara ya kwanza mama kutoka tangu msiba. Juu ya mlima, pale mji unapofunguka chini wote mweupe na bahari nyuma yake, aliuliza wale watu wanaotengeneza barabara wamejifunga nini usoni. Nikamwambia ni vitambaa, kwa ajili ya jua. "Maskini," alisema, "na mama zao wako mbali." Hakusema tena mpaka tumefika.

Daktari alikuwa amechelewa kidogo, kwa hiyo tulikaa na waliokuja mapema. Walikuwa wasichana watupu, wazuri, kila mmoja na simu yake, mmoja na chunusi mbili tatu, wengine sikuona walichonacho.

"Hawa wanaumwa nini?" mama akanong'ona kutoka ndani ya mtandio.

"Uzuri," shangazi akamjibu.

Nilisikia mama akicheka. Kizuka hakatazwi kucheka, lakini sote watatu tuliangalia chini kama tuliofumaniwa.

Ndani, daktari hakumtazama mama usoni wala hakutaka afunue kitu. Alimsalimu, akamwita hajja, akampa mkono wa pole wa maneno kwa msiba, kisha akavuta kigoda akaketi chini, karibu na sakafu, ule urefu wake wote umekunjwa. Shangazi akamvua wifi yake soksi ya mguu wa kushoto. Mama alikuwa mweusi mzima kuanzia kichwani mpaka vifundoni, kisha unyayo mmoja tu, mtupu, chini ya taa. Daktari akaweka kioo chake. Alikaa nacho muda mrefu. Akabonyeza pembeni, akauliza kama panauma, akapapasa nyuma ya goti, akaniambia nimwombe mama ruhusa apapase kinenani juu ya nguo. Mama akamtazama shangazi. Shangazi akaitikia kwa kichwa.

Halafu daktari akaniambia mimi, kwa Kiarabu, mwulize lini alianza kuliona.

Kiarabu cha mama hakitoshi kwa mambo ya hospitali, ndiyo maana mimi nilikuwa mkalimani. Nikamwuliza. Nilitarajia aseme juzi, au aseme aliungua.

"Mwambie tangu baba yako hajaanguka," alisema.

Nikadhani sikusikia. "Tangu lini?"

"Kabla baba yako hajaanguka. Kidogo kabla. Kilikuwa kama punje ya pilipili manga. Nikasema n'takwenda, n'takwenda. Baba yako akaanguka. Nikasema ngoja kwanza. Mie nikilazwa nani atamgeuza? Nyie hamjui kumgeuza, mnamvuta bega. Kikawa kinakua, nikawa natia hina, msikione mkanipeleka. Mara moja alikiona mwenyewe, baba yako. Kasema nini sijui, ulimi wake ule. Nikamwambia uchafu wa hina huo, nyamaza." Akapumua. "Mwambie hivo."

Daktari alikuwa akingoja, kioo mkononi.

"Miaka mitatu," nilimwambia.

Alijua kwamba maneno mengi namna ile hayawezi kuwa miaka mitatu tu, lakini hakuuliza. Akatikisa kichwa, akaandika. Mimi nilisimama pale na Kiarabu changu cha ofisini, ninachoandikia mikataba na barua za waziri, sikupata namna ya kuyapitisha maneno yale mdomoni mbele ya mgeni. Nilimkasirikia mama. Nilimkasirikia baba, na yeye yuko udongoni, Mungu anisamehe, kwa kulala kitandani na kugeuzwa muda wote ule kwa bei ile. Nilimpenda mwanamke yule. Yote hayo kwa pamoja, na mimi nimesimama namshikia mkoba.

Shangazi alisikia kila neno, na ndugu yake ndiye aliyekuwa akigeuzwa. Alipiga magoti, yeye na magoti yake yale mabovu, akaichukua soksi, akamvisha wifi yake taratibu, akailainisha juu ya vidole ili mshono usimkere. Kisha akabaki pale chini, kichwa ameinamisha juu ya ule mguu, mpaka nikamwinua.

Daktari akanieleza nje ya pazia. Hakuzungusha. Anakata kipande kidogo leo leo kwenda kupimwa, lakini asinidanganye, ameshaliona doa hili kwenye nyayo nyingi. Na kinenani kuna mtoki, tezi imevimba. "Hapa jua halina kesi," alisema. "Na hina haikulileta. Imelifunika tu."

Vipimo vikasema alichokijua yeye: saratani ya ngozi. Wakamkata nyama ya kisigino na kumpandikiza ngozi ya pajani, wakamtoa mitoki ya kinena. Eda ilimwishia wodini. Siku hiyo wanawake wa ukoo walikuja na nguo za rangi na shangazi akaja na chetezo, akagombana na wauguzi kuhusu moto wa udi mpaka wakamwonesha mitungi ya hewa ukutani. Akalinusisha buibui jipya udi huko nyumbani, akamletea. Mama akalivaa juu ya gauni la hospitali. Sijapata kumwona amependeza vile, na alikuwa amekonda vibaya.

Ninapoandika haya bado tunakwenda na kurudi. Wiki nyingine anaamka mzima anadai samaki wa Qantab na si wa dukani, wiki nyingine hanyanyui kichwa. Daktari wake wa sasa hatuambii mwisho wake, na nimeacha kumwuliza. Nitasema tu jinsi tulivyoanza dawa, kwa sababu ningeweza kabisa kuwa mimi niliyeamua, au kaka, na mama akanyamaza kama alivyozoea.

Tulikuwa wanne mbele ya daktari huyo wa saratani, kijana wa Kiomani mwenye upole uliozidi umri wake. Alieleza dawa za mishipani: ni za muda mrefu, zinachosha, kwa wengine zinafanya kazi vizuri sana na kwa wengine hazifanyi kitu, na mtu wa umri wa mama ana haki ya kuzikataa. Kwetu mgonjwa haulizwi uji. Kaka yangu, kwa huruma, nakiri ilikuwa huruma, akaanza kusema kwamba familia inaona mama ameshateseka, labda apumzike. Mimi nikamkatiza, nikasema hapana, atatibiwa. Tukaanza kujibizana kwa Kiarabu, mbele yake, juu ya kichwa chake, na shangazi akasoma tasbihi kwa kasi.

Daktari akanyanyua mkono. Akasema samahani, angependa kumsikia mama mwenyewe. Akanitazama mimi nitafsiri.

Nilimgeukia. Nilikuwa na hofu kubwa. Nilijua atasema nini, kwamba ameshaishi vya kutosha, kwamba tusijisumbue, kwamba mwenzake anamngoja. Nilifungua mdomo kumwuliza, akanibana mkono kuninyamazisha. Akafunua uso wake, akamwangalia yule kijana, na akasema mwenyewe. Alisema kwa Kiarabu chake cha sokoni, kile anachonunulia samaki na ndimu na vitambaa, chenye maneno machache ya kuulizia bei na kutaka kitu, na yote ameyashika barabara.

"Nataka," alisema. Akatafuta neno la pili, sote tukangoja, na lilipomjia alilisema kwa nguvu kama anayeogopa kwamba mwenye duka atamgeukia mteja mwengine. "Nataka kuishi. Nipe."